Mita Moja ya Mraba

Kila asubuhi, kabla ya kahawa,
mama huigonga barometa ya baba kwa ukucha,
mara mbili, kama abishaye hodi kwa mdeni.
Kajaani, madirisha yameota barafu,
na ukutani lile duara la shaba
alilolinunua Taisto, baba yangu,
kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha karatasi.
Jumapili ile sindano ilisema elfu moja na saba.
"Theluji," mama akasema. "Magoti yalishaniambia jana."

Kazi yangu nami ni barometa.
Yangu ni kipande cha silikoni:
ukikipigia chafya, umekipoteza.
Huko Helsinki tuna chumba cha chuma,
tunainyonya hewa mpaka pampu inalia,
mpaka mle ndani paitwe Mirihi.
Kisha tunasoma.
Kanieneo ya hewa, huku kwetu, elfu moja na kumi na tatu.
Kule, saba nukta mbili.

"Saba nini?" akauliza, akimenya viazi.
"Hektopaskali."
"Niambie kwa Kifini."

Nikachukua futikamba, nikaipima meza yake:
mita kwa mita, kasoro upana wa kidole.
Mama, juu ya meza hii, juu ya viazi hivi,
imekaa hewa ya tani kumi.
Farasi ishirini kama yule wa babu, wamepandana.
"Mbona miguu haivunjiki?"
Kwa sababu hewa iko na chini pia, inaisukuma juu.
Nasi vilevile, ndani mwetu kuna kinachosukuma nje.
Tunasukumana sare, ndiyo maana hatuhisi kitu.
"Na kule?"
Kule, kilo sabini na tatu.

Mama akakiweka kisu chini.

Sikukusudia. Nilizidisha, nikagawanya, basi.
Sabini na tatu ilikuwa namba ya baba,
ile ya mizani ya zahanati,
kabla mapafu hayajaanza.

Nikakimbilia kahawa.
Kule, nikasema, maji huchemka yangali baridi;
hujawasha kiberiti, birika linatokota,
utie kidole, usiungue.
"Kuchemka gani huko," akasema, "kusikoivisha hata kiazi?"
Nikacheka peke yangu.

Nikamweleza majira, maana nilishaanza kuropoka.
Baridi ikiingia kwenye ncha ya sayari
hewa yenyewe huganda, ikaanguka chini;
fungu zima la anga hulala ardhini, jeupe,
na sindano zetu hushuka pole pole:
saba. Sita na nusu. Sita nukta moja.

"Sitini na mbili," mama akasema.

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu.
Namba ya Machi. Ya mwisho,
nesi aliiandika kwa penseli
kana kwamba ingefutika.

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nilikuwa nimeupima huo mzigo miaka sita,
kwa vyombo, kwa glavu nyeupe,
mpaka desimali ya nne,
na sikuwahi kuuona umekaa mezani.

Viazi vikawa vyeusi kidogo kwenye hewa.
Tani kumi zikabaki tani kumi.

"Halafu?"
Halafu jua hurudi, mama.
Ile theluji huinuka, ikawa hewa tena,
na sindano hupanda.
"Yote?"
Yote.
"Kila mwaka?"
Kila mwaka wao. Ni mrefu, karibu miwili yetu.

Akaifuta meza kwa kiganja, taratibu,
akizunguka mahali fulani katikati
asipopagusa.
Kisha akaenda ukutani, adhuhuri, si saa yake,
akagonga. Mara mbili.
"Elfu moja na tatu," akasema, hakunigeukia.
"Inashuka. Kalete kuni."